Meza ya Hoteli Tanganyika: Nani Mgeni, Nani Mwenyeji Bujumbura?

Katika likizo iliyopita nilisafiri kutoka Kigoma hadi Bujumbura kwa barabara ya kando ya ziwa, nikalala siku tatu katika hoteli moja ya mjini. Jina lake silitaji, kwa kuwa nitakayoyasema yangeweza kusemwa juu ya hoteli nyingi, za huko na za kwetu. Wanafunzi wangu wa somo la uraia walikuwa wameniomba niwaandikie habari za safari hiyo. Nilidhani nitaandika juu ya mukeke wa kukaanga, viboko wanaotoka majini jioni, na umeme unaokatika mtu akiwa katikati ya kunyoa ndevu. Yote hayo niliyaona. Hata hivyo, kila nilipoketi kuandika, kalamu ilirudi kwenye meza moja ya chakula iliyoandaliwa usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 1961, katika hoteli iliyoitwa Tanganyika.

Nitaifikia meza hiyo. Kwanza nieleze nilivyopokewa.

Mtu akiingia hotelini hupewa karatasi ya kujaza. Jina lako nani, umezaliwa lini, namba ya pasipoti, umetoka wapi, unakwenda wapi, umekuja kufanya nini. Nilipewa yangu kabla sijapewa maji. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, na kijana wa mapokezi alinisalimu kwa lugha hiyohiyo. Nilipomjibu kwa Kiswahili uso wake ulibadilika, akaacha kusimama wima kama askari, akasema, “Karibu, Mwalimu, pole na safari.” Halafu, kwa sauti ileile ya upole, akanieleza kwamba kwa kuwa mimi ni mgeni wa kutoka nje, bei yangu ni ya dola. Nilicheka. Lugha yangu ilikuwa imenifanya ndugu, lakini mfuko wangu ulibaki wa mgeni.

Karatasi ile ilinikumbusha jiwe nililoliona mchana wa siku hiyo. Kilomita chache kabla ya kuingia Bujumbura kutoka kusini, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa juu ya kilima linalotazama ziwa. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25-XI-1871. Wawili hao, baada ya kukutana Ujiji, walipanda mtumbwi kwenda kaskazini mwa Ziwa Tanganyika ili wajue kama Mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Waliukuta unaingia, na hivyo ndoto ya kuwa ziwa hilo ndilo chanzo cha Naili ikafa. Njiani walilala Mugere usiku mbili, wageni wa mtawala wa eneo hilo, Mukamba. Yeye ndiye aliyewapa mahali pa kulala na chakula. Jina lake halimo kwenye jiwe. Wageni wameandikwa, mwenyeji hakuandikwa.

Hapo nilisimama kwa muda mrefu kuliko dereva alivyopenda. Waswahili husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Methali hiyo inahesabu watu wawili, na inamtaja mwenyeji kuwa ndiye anayefaidika. Jiwe la Mugere linahesabu upande mmoja tu. Nadhani historia ya kulala safarini katika mji ule, tangu siku za mitumbwi hadi leo, inaweza kusomwa kwa swali hilo moja: ni nani anayeandikwa kuwa mgeni, na ni nani anayeachwa mlangoni ingawa nyumba ni yake?

Wajerumani walijenga boma Usumbura mwaka 1897. Wakati huo Mwami Mwezi Gisabo alikuwa bado akitawala milimani, na pwani ya ziwa palikuwa na wafanyabiashara Waswahili waliofuata njia za misafara kutoka Ujiji na Unguja. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, nao wakaifanya Usumbura makao makuu ya eneo lote la Ruanda-Urundi. Mji ulipopangwa, ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikaa kwao, Wahindi na Waarabu mtaa wao wa maduka, Waafrika vitongoji vyao. Waswahili, wengi wao Waislamu, walipewa Buyenzi, mtaa ambao mpaka leo ukipita utasikia Kiswahili kikizungumzwa uani, gereji na mlangoni mwa msikiti. Bwiza upo jirani.

Hoteli zilijengwa upande wa Wazungu. Wenye biashara nyingi za aina hiyo walikuwa Wagiriki, jamii iliyotawanyika katika miji mingi ya Maziwa Makuu wakati wa ukoloni. Mwafrika aliingia hotelini kwa mlango wa jikoni. Alikuwa mpishi, dobi, mbeba mizigo, mtu wa kufagia. Kulala humo au kuketi mezani na kuagiza halikuwa jambo lake. Katika miji iliyotawaliwa na Wabelgiji hapakuhitajika kubandika tangazo ukutani kila mahali: desturi, bei, amri ya kutotembea usiku na katazo la kumuuzia Mwafrika mvinyo, lililodumu hadi miaka ya 1950, vilitosha kumweleza kila mtu mahali pake.

Msidhani jambo hili lilikuwa la huku kwetu peke yake. Marekani, mpeleka barua wa Harlem aitwaye Victor Green alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi nyumba zitakazowapokea, ili wasilale ndani ya magari yao kandokando ya barabara. Desemba 1964 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi iliyoletwa na hoteli moja ya Atlanta, kwamba mwenye hoteli hana haki ya kumkataa msafiri kwa rangi yake. Nawaeleza wanafunzi wangu wasome kesi hiyo. Haki ya raia mara nyingi hujulikana kwa mambo makubwa kama kura, lakini hupimwa pia kwa jambo dogo kama hili: umechoka, usiku umeingia, una fedha mkononi, je, utafunguliwa mlango?

Sasa twende kwenye meza.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida nchini Rwanda, kisha Ubelgiji. Aliporudi hakukaa kwenye kasri akisubiri urithi. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na miongoni mwa waliomuunga mkono mapema walikuwamo wachuuzi na mafundi wa Usumbura, Waswahili wa Buyenzi na Bwiza. Watu hawa milimani walihesabiwa wageni, na wakoloni waliwashuku kuwa wakorofi. Rwagasore aliwaona kuwa raia. Alikuwa rafiki wa Julius Nyerere na alijifunza mengi kwa TANU. Chama chake, UPRONA, kilidai uhuru chini ya mwavuli mmoja wa Watutsi, Wahutu, Waganwa na Waswahili. Mwishoni mwa mwaka 1960 wakoloni walimweka kizuizini wakati wa uchaguzi wa wilaya, na chama kikashindwa. Uchaguzi wa wabunge, uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, ulifanyika tarehe 18 Septemba 1961. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Kabla mwezi haujaisha Rwagasore alikuwa Waziri Mkuu.

Alikaa madarakani wiki mbili. Jioni ile ya Oktoba alikwenda Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, kula chakula cha usiku na marafiki na wenzake wa serikali. Waliketi mahali pa wazi, hewa ya ziwa ikiwapiga, bila ukuta wala askari wa kuwazunguka. Mtu mmoja aliyejificha gizani nje alifyatua bunduki. Risasi ikampata Rwagasore, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Aliyefyatua ni Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis. Pamoja naye walikamatwa Wagiriki na Warundi kadhaa, na juu yao wakaonekana viongozi wa chama pinzani cha PDC, Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Biroli, watoto wa chifu Baranyanka, ambaye ukoo wake ulishindana kwa miaka mingi na ukoo wa Mwami. Kageorgis alihukumiwa na mahakama ya Wabelgiji, akauawa kwa kupigwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine watano, wakiwamo wale ndugu wawili, walihukumiwa upya baada ya uhuru na kunyongwa hadharani Gitega mwezi Januari 1963.

Kesi ilifungwa, lakini swali halikufungwa. Watafiti wa Ubelgiji wenyewe, Guy Poppe na baada yake Ludo De Witte, wamepekua nyaraka za serikali yao na kuandika kwamba kiongozi wa utawala wa Kibelgiji nchini, Roberto Régnier, alikuwa amewaambia watu waziwazi, wiki chache kabla, kwamba Rwagasore auawe. Kwa watafiti hao, mkono uliofyatua haukuwa peke yake. Mimi si hakimu, ila huwa nawakumbusha wanafunzi kwamba Patrice Lumumba aliuawa mwezi Januari wa mwaka huohuo, katika nchi jirani iliyokuwa chini ya bendera ileile ya Ubelgiji. Mtu anayesoma vifo hivyo viwili kama ajali mbili zisizohusiana anajinyima nusu ya somo.

Wanahistoria wamechunguza sana bunduki, fedha na mikutano ya siri. Mahali penyewe pamesemwa kidogo, na hilo ndilo lililonipeleka kwenye makala hii. Kwa nini hotelini? Jibu rahisi ni kwamba palikuwa pa wazi na muuaji alipata nafasi. Ni kweli. Lakini tuulize pia kwa nini yeye alikuwa hapo. Mwana wa Mwami hakukosa mahali pa kula. Angeweza kula kwa baba yake, au kwa rafiki zake Buyenzi ambako wangemchinjia mbuzi. Aliketi katika hoteli ya mji, mezani, mbele za watu, akihudumiwa kama mteja mwingine yeyote. Katika mji ambao miaka michache nyuma Mwafrika aliingia hoteli kwa mlango wa jikoni, Waziri Mkuu Mwafrika kula mezani hapo kulikuwa ni kutangaza kwamba mji umepata wenyewe. Sidai kwamba alikwenda kwa nia hiyo. Huenda alikuwa na njaa tu na alipenda samaki wa hapo. Lakini maana ya tendo si lazima ikae kwenye nia ya mtendaji, na waliomtazama usiku ule waliielewa, wapenzi wake na maadui zake pia.

Yaliyofuata mnayajua. UPRONA iligawanyika, hakuna aliyeweza kuushika tena ule mwavuli, na nchi ikapita katika mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Wapo wanaosema kwamba Rwagasore angeishi yote hayo yasingetokea. Sentensi ya namna hiyo haina ushahidi, nami huifuta kwa wino mwekundu katika insha za wanafunzi. Ninaloweza kusema ni dogo zaidi: baada ya usiku ule, kiongozi wa Burundi hakuketi tena mahali pa wazi kwa amani ile. Meza ilihamia nyuma ya ukuta na askari.

Nyerere, rafiki yake, alikuja kuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi huko Arusha mwaka 1998. Hata huko hoteli ilikuwamo. Wajumbe walilala Arusha miezi na miezi, na baadhi yao walilaumiwa kwamba posho ya kila siku na kitanda kizuri viliwafanya wasiwe na haraka ya kumaliza. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, siku moja baada ya kumbukumbu ya miaka 38 ya kifo cha rafiki yake. Nelson Mandela aliendeleza kazi hiyo, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Nimetaja posho kwa sababu tunapowafundisha vijana historia ya amani huwa tunaonyesha picha ya saini na kuficha bili ya hoteli.

Turudi Bujumbura, kwenye hoteli yangu.

Niseme kweli: nililala vizuri. Shuka zilikuwa safi, chandarua hakikuwa na tundu. Umeme ulikatika kila jioni, na jenereta ilichelewa kuwashwa kwa kuwa mafuta yalikuwa ya shida nchini. Magari yalipanga foleni ndefu vituoni, na wageni wawili waliokuwa wakisafiri kikazi walikasirika kwa sauti kubwa kana kwamba kijana wa mapokezi ndiye aliyeyaficha. Chakula kilikuwa kizuri. Nililipia kwa noti ya faranga 10,000 yenye sura mbili, ya Rwagasore na ya Ndadaye. Mhudumu aliichukua akaikunja bila kuitazama. Ndivyo ilivyo pesa kila mahali, hata mimi hutumia noti yenye sura ya Mwalimu Nyerere bila kumwamkia. Lakini kulipia chakula cha hoteli kwa sura ya mtu aliyeuawa akila hotelini kulinifanya nishindwe kumaliza samaki wangu.

Getini palikuwa na mzee mlinzi, mzaliwa wa Buyenzi, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha wanafunzi wangu wengi, cha kwake chenye ladha ya Kongo kidogo na Ujiji kidogo. Usiku wa pili, umeme ulipokatika, nilitoka nikazungumza naye. Alinieleza kwamba baba yake alikuwa fundi cherehani na aliwahi kumsikiliza Rwagasore akihutubia, na kwamba siku ya msiba Buyenzi nzima ilifunga milango. Alinieleza pia, nilipomuuliza, kwamba bei ya chumba changu kwa usiku mmoja ilizidi mshahara wake wa mwezi. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja umbali wa kijiji.

Kwa hamasa ya mwalimu nikamwambia, “Mzee, zamu yako ikiisha kesho asubuhi, njoo tunywe chai pamoja ndani. Mimi nalipa.”

Alinitazama kidogo. “Mwalimu, mimi ni mwaka wa kumi na moja hapa,” akasema. “Nafungua mlango, siuingii.”

Nilisisitiza. Asubuhi nilimwendea msimamizi wa mgahawa nikamweleza. Hakukataa. Alisema tu kwamba wafanyakazi wana mahali pao pa chai, nyuma, karibu na jiko, na kwamba mzee mwenyewe hatajisikia vizuri mbele ya wageni. Alikuwa na adabu sana. Hakutaja rangi, na hakukuwa na rangi ya kutaja: msimamizi, mlinzi na mimi sote tulikuwa weusi. Nilirudi getini nikiwa na aibu ambayo sikuweza kumpa mtu mwingine, kwa sababu nilikumbuka kwamba katika hoteli nilizolala Dodoma na Dar es Salaam, miaka yote hiyo, sijawahi kumuuliza mlinzi anakunywa chai wapi.

Siku ya mwisho nilipanda kilima cha Vugizo, kwenye kaburi la Rwagasore. Kutoka pale unaiona Bujumbura yote, paa za bati za Buyenzi, barabara kuu yenye jina lake, hoteli za ufukweni zilizopakwa rangi nyeupe, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo. Serikali imehamishia makao makuu ya kisiasa Gitega tangu mwaka 2019, na mji umebaki wa biashara. Kwa hiyo hoteli zimebaki pia. Watoto wa shule waliokuwa pale na mwalimu wao walikuwa wakisoma tarehe kwa sauti, na mwalimu, kwa Kirundi, akiwasahihisha.

Niliporudi kuchukua mzigo wangu, mzee alikuwa anamaliza zamu. Aliniita kwenye benchi lake nje ya ukuta, akatoa chupa ya chai ya tangawizi na mandazi mawili yaliyofungwa kwenye gazeti, akanipa moja. Nilitoa pesa, akaurudisha mkono wangu mfukoni. “Hapa upo kwangu,” akasema. Tulikunywa tukitazama magari yakiingia, naye mara mbili akasimama kwenda kufungua geti, akarudi kuketi, mpaka basi la Rumonge likapiga honi.